Ruzuku ya utafiti kwa juisi ya mabibo

Bibo_Tandahimba: Wakuu, habari zenu. Nasindika mabibo, yale matunda ya mkorosho, huku Tandahimba. Msimu wa korosho mnaujua: korosho inanyofolewa, bibo linatupwa chini ya mti, kesho yake limechacha na nzi wamejaa. Wanaoliokota wengi ni wa pombe, uraka na kochoko. Mimi nataka juisi ya dukani, mtoto anywe. Ukakasi nimeupunguza kwa uji mwepesi wa mchele: unamimina, unakoroga, utando unazama na ule ukali wa kukereketa koo, juu yanabaki maji ya njano. Tatizo chupa ikikaa kifuniko kinavimba. Nimeandika andiko la kuomba ruzuku ya utafiti, nikaweka mashine ya kukamulia, friji na pikipiki ya kusambazia. Nimejibiwa kwamba huo si utafiti. Imeniuma sana. Nifanyeje?

Mwl_Maabara: Pole dada. Utafiti umo, ila umefunikwa na pikipiki. Mfuko wa utafiti unagharamia swali ambalo halijajibiwa. Lako ni hili: juisi ipashwe joto kiasi gani, kwa muda gani, ikae miezi sita bila kuchacha na vitamini C isipotee? Hapo ndipo penye thamani, maana bibo linalishinda chungwa kwa vitamini hiyo, na moto unaipunguza. Bajeti iwe ya vipimo, chupa za majaribio na mtaalamu. Mashine na usafiri ongea na SIDO, shirika la viwanda vidogo, au benki. Halafu nenda TARI Naliendele, kituo cha utafiti wa kilimo, mabibo wanayajua, muandike pamoja. Matangazo ya ruzuku ya COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia, yakitoka uwe tayari.

Newala_Sindika: Naongezea. Mkiandika pamoja, wekeni kwenye karatasi matokeo ni ya nani. Na hatua zako nyingine usizimwage humu. Jambo likishatangazwa, kulipatia hataza, yaani haki ya mvumbuzi, kwa wakala wa usajili BRELA ni kazi. Pia zungukia maduka ya Mtwara mjini na chupa zako mapema. Mimi swali la kwanza lilikuwa alama ya ubora ya TBS, shirika la viwango, la pili: "Hii si pombe?" Majibu ya wenye maduka yaambatanishe, mfadhili aone mnunuzi yupo.

Bibo_Tandahimba: Ahsanteni mno. Naliendele wanapokea mtu wa darasa la saba?

Mwl_Maabara: Nenda tu, dada. Beba chupa iliyovimba na ambayo haijavimba, andika kila moja ilijazwa lini. Wahi kabla mabibo hayajaanza kuanguka.