Naomba ushauri: nikiachana na king'amuzi nihamie kwenye app za kustrimu, nitaokoa hela kweli?
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo. Nataka kuachana na king'amuzi maana kila mwezi nalipia chaneli kibao ambazo hata hatuzifungui, tunachoangalia ni taarifa ya habari, mpira na tamthilia za mama watoto basi.

Sasa nikipiga hesabu nachanganyikiwa. App moja peke yake ni nafuu kweli, ila mpira uko kwingine, katuni za watoto kwingine, ukijumlisha zote unarudi palepale na hapo bado bando. Netflix wenyewe wanasema HD inakula mpaka GB 3 kwa saa na 4K mpaka GB 7, kwa bando la simu hiyo haiwezekani, labda ushushe kwoliti hadi ile ya chini kabisa lakini kwenye TV kubwa sura za watu zinakuwa ukungu mtupu. Na kuchangia akaunti na ndugu wa nyumba nyingine ndo walishaanza kubana tangu 2023.

Kinachoniumiza kichwa zaidi ni mpira, maana mechi ya laivu kwenye intaneti huwa inachelewa kidogo, jirani anashangilia goli wewe bado unaona kona inapigwa.

Mliokata king'amuzi kabisa, mnalipia app zote kwa pamoja au mnazungusha, mwezi huu hii mwezi ujao ile? Habari mnaangalia kwa antena ya kawaida au YouTube? Na mwenye intaneti isiyo na kikomo aniambie spidi gani inatosha TV mbili zikiwaka pamoja.