Dogo katobolewa kidole na oili ya haidroliki, kitundu kama cha sindano. Asubiri?

Mwanakusini
Wakuu habarini, naomba msaada wa haraka. Tupo kwenye kisima cha gesi huku kusini, jana jioni tulikuwa tunafanya sevisi ya akumuleta (chupa zinazotunza oili yenye presha) ya BOP, ile mitambo ya valvu ya kufunga kisima gesi isifumuke, pampu zimezimwa, dogo mmoja akaona hosi inavuja akapitisha mkono kutafuta panapovujia, akasikia kama kachomwa na mwiba. Glovu alivaa. Kuvua, katundu kadogo kwenye ncha ya kidole cha shahada, damu tone tu. Jamaa wa huduma ya kwanza akampa plasta na panadol akarudi kazini. Leo asubuhi kidole kimevimba, kigumu, cheupe cheupe, anasema ganzi inashuka kiganjani. Supavaiza anasema apumzike kambini kesho ataangaliwa. Mi naona haijakaa sawa ila sina la kumwambia bosi.

Daktari wa zamu
Mtoeni kambini SASA HIVI, usisubiri kesho. Hapo hakuchomwa, oili imeingia ndani ya kidole na inatembea kwenye ala za kano (mifuko inayozunguka kano za kidole) kuelekea kiganjani. Kitundu kudanganya ndio kawaida yake, siku ya kwanza haiumi sana halafu nyama inaanza kufa kwa ndani. Hii ni ya kupasuliwa kidole kikafunguliwa chote kikasafishwa, saa sita za mwanzo ndo nzuri na nyie mshazipitisha, kwa hiyo kila saa inayoongezeka inamsogeza kwenye kukatwa kidole. Mpelekeni penye daktari wa upasuaji, kama mpo karibu na Mtwara basi hospitali ya rufaa ya kanda, na waanze kupiga simu MOI, ile taasisi ya mifupa pale Muhimbili, mapema. Asile wala kunywa, mkono uwe juu, msikamue, msifunge bandeji ya kubana. Nendeni na karatasi ya maelezo ya hiyo oili, na mseme presha ilikuwa ngapi na saa ngapi ilitokea, maana daktari ambaye hajawahi kuona hii anaweza kumrudisha na dawa za kumeza tu. Bosi mwambie hivyo hivyo.

Fundi Mitambo
Pole kwa dogo. Mkuu pampu kuzimwa haimaanishi kitu kwenye akumuleta, zile chupa zina naitrojeni inayosukuma oili, kazi yake ni kufunga BOP hata umeme ukikata, kwa hiyo 3,000 psi (kipimo cha presha) inakaa humo humo imekusubiri. Tairi ya gari ndogo ni kama 30. Glovu haizuii hiyo kabisa. Kabla hujagusa hosi unafunga valvu za chupa, unarudisha oili yote tangini mpaka geji isome sifuri, unaweka kufuli yako na tegi yenye jina lako, ndo unajaribu kama kweli imekufa. Na kuvuja kunatafutwa kwa kipande cha boksi au ubao, mkono kamwe. Hilo la presha iliyobaki nimeliona likiwapata mafundi wazuri tu, hata kwenye mad pampu (pampu ya tope la kuchimbia), watu wanafungua kifuniko wakiamini imezimwa.

Mwanakusini
Nimemsomea supavaiza yote, gari limetoka na dogo muda huu, karatasi ya oili anayo. Asanteni sana wakuu, nipo naye kwa simu.

Mama Haki
Afadhali. Sasa wewe uliyebaki hakikisha tukio linaandikwa kwenye daftari la ajali leo, na ile plasta ya jana na saa aliyopewa iandikwe pia. Mwajiri anatakiwa kuripoti WCF, yaani Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, yeye ndiye anayechangia ule mfuko, dogo hakatwi kitu kwenye mshahara, na matibabu yake na malipo ya siku ambazo hafanyi kazi yanatoka huko. Madai yasipite miezi 12. Hata kama ni kibarua wa mkandarasi mdogo bado anahusika, wasimtishe kwamba hana mkataba wa kudumu. Piga picha ile hosi kabla hawajaibadilisha.

Fundi Mitambo
Na hiyo hosi msiitupe, iwekeni pembeni na tegi.