Mwenye ditekta Nairobi: aachwe atafute, au azuiwe?

Mleta mada

Jumamosi iliyopita mpwa wangu aliniletea kifungo cha shaba alichokitoa kwenye rundo la udongo. Lori liliumwaga udongo huo kwenye kiwanja cha jirani yetu huku Kayole, baada ya kuchimbwa msingi wa ghorofa upande wa Landi Mawe. Jirani alimruhusu kijana apite na ditekta yake, ile mashine ya kutafutia vyuma ardhini, yenye mpini mrefu na sahani ya duara chini, ndugu ya ile ya bawabu mlangoni pa supamaketi. Kifungo kina herufi EAR&H. Hiyo ni Reli na Bandari za Afrika Mashariki, jina lililotumika kuanzia 1948 hadi 1969. Marehemu baba alikuwa mtu wa reli, na koti lake lilikuwa na vifungo vya namna hiyo. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu.

Dada yangu alipokiona, neno lake la kwanza lilikuwa, "Mwambie mtoto aache, atafungwa." Ndipo nikaitafuta sheria, na ndiyo maana naleta mjadala huu: mtu wa kawaida aruhusiwe kutafuta vyuma ardhini kwa burudani yake, au apigwe marufuku kabisa?

Sheria inayohusika ni ile ya Makumbusho na Turathi za Kitaifa ya 2006. Kwa sheria hiyo, kitu cha kale ni kile kilichotengenezwa hapa au kuletwa hapa kabla ya 1895, na kikiwa ardhini ni mali ya serikali. Kukitafuta, iwe kwa kuchimba au kwa kupekua juu ya ardhi, kunataka leseni. Ukikiokota kwa bahati, una siku saba za kuwaarifu Makumbusho ya Taifa.

Sasa tazameni ajabu yake. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899. Kabla ya hapo palikuwa malisho na maji ya Wamaasai. Kwa hiyo karibu kila kitu kilichozaliwa na jiji hili, kuanzia msumari wa reli ya kwanza hadi rupia iliyomponyoka mtu sokoni, hakijafikisha umri wa kuitwa cha kale. Waziri anaweza kutangaza kitu fulani kuwa kinalindwa, ndiyo, lakini atatangaza vipi kifungo kilicho futi nne chini ambacho hajakiona?

Na anayechimba Nairobi kuliko sote ni ekskaveta. Ngara, Pangani, Kilimani, Upper Hill, misingi inashushwa kila wiki, udongo unapakiwa na kumwagwa popote palipo na bonde, na hakuna anayeuchekecha. Mimi nasema kijana anayepitia udongo ule aruhusiwe. Nipingeni.

Mwanafunzi wa akiolojia, Kahawa

Pole kwa kumbukumbu ya mzee, ndugu. Lakini nakupinga, na ninakupinga kwa moyo wote.

Kwetu kitu hakitengani na mahali kilipolala. Mwaka 2013 timu ya watafiti Chapurukha Kusimba na Sloan Williams ilitangaza kwamba imepata kisiwani Manda, huko Lamu, sarafu ya Kichina ya mfalme Yongle, iliyopigwa kati ya 1403 na 1425, enzi za safari za Zheng He, amiri wa meli wa China. Sarafu za Yongle hazikuwa adimu. Ziko nyingi kwa wakusanyaji. Hii ilitangazwa hadi ng'ambo kwa sababu ilitoka kwenye udongo wa Manda, mikononi mwa watu walioandika imetoka wapi.

Mfano mwingine, Mtambwe Mkuu kule Pemba. Mwaka 1984 mwanaakiolojia Mark Horton na wenzake walifukua hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha zenye majina ya watawala wa pwani. Zile za fedha hazina tarehe. Kilichosaidia kujua umri wake ni dinari chache za dhahabu za Kifatimi, yaani za ukoo uliotawala Misri, zilizokuwa pamoja nazo, ambazo zina tarehe. Sasa fikiria vijana kumi wenye ditekta wangetangulia. Dhahabu ingeishia kwa sonara siku hiyo hiyo, na zile za fedha zingebaki bubu milele.

Ditekta ya kawaida huikamata sarafu ndogo ikiwa kina cha sentimita 20 hadi 30 hivi, na mara nyingi hicho ndicho kina cha tabaka la juu la magofu yetu. Shimo dogo la jembe pale ni sawa na kurarua ukurasa.

Mnunuzi wa skrapu, Gikomba

Mimi nitasema ninachokiona kwenye mizani. Serikali ilipofunga biashara ya vyuma chakavu Januari 2022, baada ya stima kupotea nchi nzima na wezi wa vyuma vya nguzo kulaumiwa, tulikaa nyumbani hadi Mei. Tangu kufunguliwa, leseni ninayo na kila mzigo naandika umetoka kwa nani. Lakini hakuna kitabu kinachonitaka niandike umri wa kitu. Nimeona pasi za makaa, kengele, na ndururu zenye tundu zimeletwa kwenye mkebe wa mafuta, na shaba ni shaba, inaenda kwa kilo. Nyingine nimeziweka kando kwa uchungu, nyingi zimeyeyushwa. Mkipiga marufuku ditekta, vitu havitabaki ardhini. Vitakuja kwangu.

Mtaita aliye Umoja

Wakubwa kwa wadogo, nawasalimu. Mnazungumza Nairobi, mimi nawaletea ya nyumbani. Kwetu Taita Taveta ardhi yenyewe ni uwanja wa vita. Kilima cha Salaita, Februari 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, majeshi ya Mwingereza yalipigwa na ya Mjerumani pale. Hadi leo ukitembea Mbuyuni au Maktau unaokota maganda ya risasi, vipande vya makopo, vifungo. Na ditekta haijui tofauti ya kopo na kombora ambalo halikulipuka. Inalia tu, mtoto anachimba.

Mleta mada amesema kweli kuhusu 1895. Vita vile ni vya 1914 hadi 1918, kwa hiyo kwa kipimo hicho si vya kale. Lakini kuna waliobeba mizigo ya vita hivyo, Carrier Corps, ambao jina lao mnalitamka kila siku mkisema Kariokor. Walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, wakafukiwa bila alama. Sufuria ya bati iliyooza porini huenda ndiyo alama pekee ya mtu aliyelala pale. Anayeibeba kwenda kuipamba sebuleni amemfanyia nini huyo marehemu?

Mama wa Dagoretti

Mimi naongea kama mwenye shamba. Walikuja wanaume wawili na mashine, wakidai kuna mali ya mzungu chini ya mti wetu, tutagawana, ila kwanza tutoe pesa ya "kuipoza". Niliwafukuza. Kuna watu wameuza ng'ombe kwa hadithi hizo za rupia na hazina. Ruhusa yoyote ianzie kwa mwenye ardhi, kwa maandishi.

Mchangiaji, South B

Mbona Uingereza wanaweza? Huko una ruhusa ya mwenye shamba, unatafuta. Ukipata hazina unaripoti kwa sheria ya 1996, makumbusho ikiichukua mnalipwa. Mwaka 2009 Terry Herbert alikuta dhahabu ya Staffordshire kwa ditekta ya mkono, ikathaminiwa pauni milioni 3.285, wakagawana na mwenye shamba. Vitu vya kawaida navyo vinaandikishwa kwa hiari, na vilivyoandikishwa vimepita milioni moja. Vingi vimeletwa na hao hao wa burudani.

Mwanafunzi wa akiolojia, Kahawa

Na mwaka 2015 wawili wakaikuta hazina karibu na Leominster, huko huko Uingereza, wakanyamaza, wakauza. Walifungwa 2019. Sarafu zilizokadiriwa 300 hivi, zilizopatikana ni kama 30. Na hapo ni nchi yenye maofisa wa kupokea taarifa karibu kila kaunti. Ng'ambo ya bahari kidogo tu, Ireland, kutafuta vitu vya kale kwa ditekta bila kibali ni kosa. Sisi kijana wa Kayole atampelekea nani kifungo chake?

Mleta mada

Swali hilo la mwisho limenikaa. Nami nimebadilika kidogo, niseme wazi.

Mtaita, umenishinda. Salaita na kote walikozikwa watu, ditekta isikanyage, na pwani vile vile. Mama wa Dagoretti, karatasi ya mwenye ardhi iwe ya lazima. Lakini mwanafunzi, kwenye udongo ambao ekskaveta imeshauvuruga, huo ukurasa unaousema umeshararuliwa. Pale kilichobaki ni kitu chenyewe na kumbukumbu ya dereva wa lori. Tukimzuia kijana pale tunalinda nini? Aruhusiwe kwa kujiandikisha, apige picha, aandike mahali, apeleke taarifa. Na ule mwaka wa 1895 uondolewe, tuseme chochote chenye miaka 60 au zaidi kihesabiwe. Jiji lililozaliwa 1899 haliwezi kusubiri sheria isiyolitambua.

Mashine yenyewe inadai subira kuliko watu wanavyodhani. Udongo wetu mwekundu una chuma chake, unaifanya ilie bure nusu ya siku. Kijana alichimba mara kumi na saba siku ile, akapata vizibo vya soda, misumari, na kile kifungo.

Nimemnunulia daftari. Ukurasa wa kwanza ameandika tarehe, kiwanja, namba ya lori. Palipoandikwa "kilikotoka" ameweka "Landi Mawe" na alama ya kuuliza, kwa sababu wiki ile dereva alibeba kutoka misingi mitatu. Kesho asubuhi tunakwenda kumtafuta atuonyeshe ni upi.