The Wire au Breaking Bad: ninunue ipi kwanza?

Mwana_wa_Kuze: Assalaam aleikum wanajamvi. Nataka kununua tamthilia moja ya uhalifu, misimu yote kwa pamoja, na nimebaki kati ya The Wire na Breaking Bad. Sehemu za mwanzo za zote mbili nimezionja kwa rafiki. Breaking Bad ilinishika tangu yule mwalimu wa kemia alipotokea jangwani na chupi yake, bastola mkononi. The Wire, niseme kweli, ilinichosha: wapelelezi wanazungumza, wanalewa, wanazungumza tena, nami majina yao yakanipotea. Hata hivyo, kila ninayemheshimu huisifu hiyo hiyo. Ninunue ipi?

Gatini: Waaleikum salaam. Ndugu yangu, swali lako ni nusu. Hukutuambia utatazama na nani, wala kama unanunua diski halali, unalipia mtandaoni, au unakwenda kujaziwa fleshi na vijana wa mjini. Ikiwa ni sebuleni mbele ya wazee, basi jua kwamba zote mbili zina matusi mengi.

Bi_Mdogo_Nyali: Breaking Bad, bila shaka yoyote. Ni sehemu 62, na kila uovu wa Walter White, yule mwalimu wa kemia, unazaliwa na ule uliotangulia, hata ukifika mwisho huwezi kusema ni wapi hasa alipopotea. Tamthilia ambayo mashabiki wake hukuomba uvumilie mpaka sehemu ya nne ni chakula kilichopakuliwa kibichi.

Gatini: Huiva polepole, dada. David Simon, mtunzi wa The Wire, alikuwa mwandishi wa habari za polisi katika gazeti la Baltimore Sun, la mji wa Marekani inakotokea tamthilia hiyo, na mwenzake Ed Burns alikuwa mpelelezi wa mauaji kabla ya kuwa mwalimu, ndiyo maana askari wao hugombana na wakubwa wao kuliko wanavyogombana na wahalifu. Irudie ile kesi ya sehemu ya kwanza: shahidi anageuza maneno kizimbani, mshtakiwa anaachiliwa, na polisi hawaamki mpaka jaji apige simu. Msimu wa pili unahamia bandarini. Mimi kazi yangu ni kutoa mizigo Kilindini, na sijaona tamthilia nyingine inayomtazama kuli kama mtu mwenye fikra zake. Frank Sobotka, kiongozi wa chama chao, anapitisha magendo ili apate fedha za kuwashawishi wanasiasa wauchimbe mfereji, meli zije na vijana wapate zamu. Tangu reli mpya ilipoanza kuyabeba makontena moja kwa moja hadi Nairobi, ni nani hapa Mombasa asiyeyajua mazungumzo hayo?

Mzee_wa_Makupa: Umeshamharibia utamu. Tena usiwafananishe makuli wetu na huyo Sobotka. Wa hapa waligoma Januari 1947, mji mzima ukasimama, na hawakuhitaji magendo.

Gatini: Mzee wangu, sikusema wanapitisha magendo. Nimesema juu ya kazi inayopungua.

Msomaji_Pwani: Tuache makuli, turudi kwenye ununuzi, kwa sababu mimi yalinifika. Niliinunua The Wire katika duka moja la mjini ambalo sitalitaja. Aliyezipanga sehemu zile alizichanganya, nikajikuta naomboleza kifo cha mtu ambaye kesho yake alikuwa hai, amekaa anakula. Manukuu, yale maandishi ya chini ya picha, hayakuwemo, na Kiingereza cha vijana wa Baltimore hakifanani na nilichosomea, kwa hivyo nusu ya maneno niliyabahatisha. Picha nayo ilikuwa na kasoro: tamthilia hii ilitoka mwaka 2002 kwa umbo la mraba, na kituo cha HBO kilichoirusha kiliitoa upya kwa picha pana mwaka 2014, lakini yangu ilikuwa ya mraba iliyovutwa kwa nguvu, kila mtu ana mashavu ya mgonjwa wa meno. Niliporudi kulalamika, mwenye duka alinieleza kwa upole mkubwa kwamba televisheni yangu ni mbovu. Uliza kwanza ni toleo lipi, na ujaribishe manukuu papo hapo kabla hujatoa fedha.

Mwana_wa_Kuze: Ahsanteni. Nanunua diski halali, na nitatazama na mke wangu watoto wakishalala. Yeye hapendi kabisa kusoma manukuu.

Bi_Mdogo_Nyali: Hilo ndilo ulilopaswa kulisema mwanzo! Chukua Breaking Bad. Tena ilipata Emmy, tuzo kubwa ya televisheni ya Marekani, ya tamthilia bora mwaka 2013 na 2014, ilhali The Wire haikupata Emmy hata moja.

Mzee_wa_Makupa: Waamuzi wa tuzo hawakai sebuleni kwake. Mbona hakuna aliyeitaja Crime and Justice ya Nairobi, ya mwaka 2021, yenye Sarah Hassan na Alfred Munyua? Hapo hahitaji manukuu ya kuelewa lafudhi.

Gatini: Ni nzuri, lakini hakuuliza hiyo. Bwana Kuze, mkeo mwenyewe anasemaje?

Mwana_wa_Kuze: Nimemsomea mjadala huu. Anauliza kama ule msimu wa bandarini unaweza kununuliwa peke yake.

Gatini: Unaweza, ila hatajua kwa nini mpelelezi hodari kama McNulty anauanza akiwa ndani ya boti.

Bi_Mdogo_Nyali: Nami ningependa kujua diski moja moja zinauzwa wapi siku hizi.