Naomba ushauri: taa ya injini inawaka na kuzima yenyewe

Ndugu wajuzi wa magari, gari langu la siku nyingi huwasha taa ya injini, hasa injini ikiwa baridi, kisha baada ya muda taa huzima yenyewe. Mashine ya kupimia ilisoma msimbo P0171, yaani hewa ni nyingi mno ikilinganishwa na mafuta. Gari likisimama huku injini inaunguruma, mshale wa mizunguko hupanda na kushuka, lakini nikikanyaga mafuta hutulia. Fundi anataka kubadilisha sensa ya oksijeni (kifaa kinachopima oksijeni kwenye moshi wa ekzosi), nami nasita, kwa kuwa huenda sensa hiyo inaripoti ukweli tu na hewa inapenya kwenye mpira wa kupitishia hewa uliopasuka. Je, nipime uvujaji kwa moshi kwanza (kupuliza moshi kwenye njia ya hewa ili kuona unapotokea), au presha ya mafuta?