Wauza grainda Dodoma, hizo namba za uongo kwenye vibandiko zitatuulia vijana

Wakuu, leo naongea kwa hasira na sitapunguza neno. Hapa Dodoma ukiingia dukani kutafuta grainda ya kusagia chuma na kutoa kutu, muuzaji hakuulizi kazi unayoenda kufanya. Anashusha boksi, anakuonyesha wati zilizoandikwa kwa herufi kubwa, anataja bei, basi. Ukimuuliza inazunguka mara ngapi kwa dakika, anakuona msumbufu. Na hiyo mizunguko ndiyo inayoamua kama fundi atarudi kwake na macho yote mawili.

Juzi hapa Kizota, dogo mmoja anayejifunza kazi kwa jirani yangu alichomwa shavuni na waya uliochomoka kwenye brashi ya waya ya kufunga kwenye grainda, chini kidogo ya jicho. Brashi yenyewe nimeishika. Ni ile ya kikombe, ya inchi 5, na haina maandishi yoyote: haina kasi ya juu inayoruhusiwa, haina hata jina la kiwanda. Waliponunua waliambiwa itaingia kwenye grainda yoyote. Kuingia inaingia kweli, kwa sababu grainda ndogo na kubwa nyingi zina uzi ule ule wa skrubu, wa M14, yaani upana wa milimita 14. Lakini grainda ya inchi 4 na nusu, yaani inayobeba diski ya upana huo, inazunguka kama mara 11,000 kwa dakika, na brashi pana za aina hiyo, zile za ukweli, nyingi zimeandikwa kasi ya mwisho iliyo chini sana ya hapo. Ukiizidishia, nyaya zinaruka kama mishale. Sasa muuzaji anayekupa kitu kisicho na namba, wewe utajuaje mwisho wake?

Diski ndiyo balaa zaidi. Diski ya inchi 9 huandikwa mizunguko 6,600 na kidogo kwa dakika, maana ukingo wake haupaswi kuvuka mwendo wa mita 80 kwa sekunde. Tundu la katikati linalingana na la diski ndogo, kwa hiyo kuna watu wanang'oa kava la grainda ndogo na kuifunga diski hiyo kubwa, na nimesikia kwa masikio yangu muuzaji akimshauri mteja afanye hivyo ili asinunue mashine nyingine. Piga hesabu mwenyewe: milimita 230 ikizungushwa mara 11,000, ukingo unakimbia zaidi ya mita 130 kila sekunde. Ile diski ni punje za kusagia zilizoshikwa na gundi na wavu. Inapasuka, na kava ambalo lingezuia vipande limetupwa chini ya meza.

Halafu angalieni ile pete ya chuma katikati ya diski. Pale hugongwa mwezi na mwaka wa mwisho wa matumizi, kwa kawaida miaka 3 tangu itengenezwe, kwa sababu gundi inazeeka. Huku zinaanikwa mlangoni juani, nyingine tarehe imeshapita, nyingine pete imekwanguliwa. Aliyeikwangua alijua anachofanya!

Nije kwenye wati. Mwili wa grainda ni wa inchi 4 na nusu, waya wake mwembamba, kibandiko kinadai wati 2,000. Kwa umeme wetu wa volti 230 hizo ni karibu ampea 9. Waya wa milimita 0.75 za mraba hubeba kama ampea 6 tu. Mashine nyingi za ukweli za ukubwa huo zina wati 700 hadi 1,000 hivi, na zinafanya kazi vizuri sana. Fundi anaamini kibandiko, anaikandamiza kwenye chuma kinene, koili zinaungua. Akiirudisha anaambiwa ameitumia vibaya.

Na kwenye kutoa kutu wanapotosha watu kila siku. Mtu ana geti la skwea paipu ya geji 18, chuma cha milimita 1.2, anauziwa diski nene ya kusagia ya milimita 6. Hiyo inakula bomba, haitoi kutu. Geti linahitaji diski ya vipande vya msasa vilivyopangana, namba 60 au 80, tena kwa mkono mwepesi. Kwenye maua ya urembo wa geti na kona weka brashi ndogo kwenye drili. Tela la trekta lenye kutu ya magamba ndilo linataka brashi ya waya uliosokotwa, ya saizi inayoendana na mashine. Ila brashi peke yake mara nyingi inaing'arisha kutu tu, unaona chuma kinametameta, unapaka redoksaidi, ile rangi ya kwanza ya kuzuia kutu, baada ya muda rangi inabanduka. Malizia na msasa. Na tafadhali, diski ya kukatia ya milimita 1 usiisagie ubavuni hata mara moja. Nimewaona vijana wengi wakifanya hivyo bila miwani na hakuna aliyewaambia dukani.

TBS, shirika la viwango, na Tume ya Ushindani, naomba mpite kwenye haya maduka, kuanzia katikati ya mji mpaka Nkuhungu, mpime hizo wati na msome hizo pete. Kibandiko cha uongo ni bidhaa bandia, na bidhaa hii inazunguka sentimita chache kutoka usoni mwa mtu.

Wauzaji, mkitaka hela yangu nionyesheni namba ya mizunguko ya mashine na ya diski, na ya diski isiwe ndogo kuliko ya mashine. Kinyume cha hapo sinunui, na kijana yeyote wa kwangu hanunui. Mwenye kujua duka hapa mjini lenye brashi za waya uliosokotwa zilizoandikwa kasi yake aniandikie hapa chini, matela ya watu wa Kongwa yanasubiri na Desemba mvua inaanza.