Ng'ombe waliochanjwa homa ya mapafu: kwa nini bado wananyimwa kibali cha kusafirishwa?

Mfugaji, Manyara

Ndugu zangu, naomba maelezo kutoka kwa wenye utaalamu, kwa sababu majibu ninayopata huku yanapishana. Wilaya yetu imewekwa karantini baada ya homa ya mapafu ya ng'ombe, ambayo wazee wetu huiita orkipei, kuthibitishwa katika kata jirani. Wachanjaji walifika, tukakusanya mifugo kwenye josho, tukalipia, ng'ombe wakachanjwa na tukapewa kadi. Baadhi yao walivimba mikia, na wachache mikia ikakatika nchani, lakini tulivumilia kwa kuwa tuliambiwa kwamba chanjo ndiyo kinga. Nilipokwenda kuomba kibali cha kusafirisha madume kwenda mnada wa Pugu, nikakataliwa. Kama mnyama amechanjwa, anazuiwa kwa hoja gani? Na kama kuzuia safari ndiko kunakokomesha ugonjwa, chanjo ilikuwa ya nini? Ada za watoto na chakula cha nyumbani vinategemea madume hayo, na malisho yanazidi kupungua.

Daktari wa mifugo, Dodoma

Ndugu mfugaji, pole sana. Swali lako ni la haki, na lilistahili kujibiwa siku ile ile pale joshoni.

Chanjo inayotumika dhidi ya homa ya mapafu ni ya vimelea hai vilivyopunguzwa makali. Aina yake, T1/44, ilianzia hapa hapa Tanganyika katika miaka ya 1950, ambapo vimelea vilipitishwa mara 44 kwenye mayai yenye viinitete (vifaranga vinavyoanza kukua ndani) mpaka vikadhoofu. Kwa kuwa ni hai, wanyama wachache huvimba mahali walipodungwa, na ndiyo sababu ya mikia uliyoiona. Chanjo hii humkinga ng'ombe asiye na maambukizi kwa muda wa mwaka mmoja hivi, lakini haimtibu aliyekwisha kuambukizwa, na hapo ndipo penye jibu lako. Ugonjwa huu unaweza kukaa ndani ya mnyama wiki nyingi, hata miezi, kabla hajaanza kukohoa. Kwa hiyo, miongoni mwa waliopita joshoni siku ile, huenda walikuwamo wenye vimelea tayari, wakadungwa sindano na kuandikwa kwenye kadi pamoja na wazima. Wako pia wale wanaoonekana wamepona, wanakula na kunenepa, huku sehemu ya pafu iliyokufa imezungukwa na ukuta mgumu ambao ndani yake vimelea huendelea kuishi kwa miezi. Antibiotiki zinazodungwa kiholela bomani huweza kutuliza kikohozi na kumwacha mnyama wa namna hiyo akiuzwa kama mzima.

Ugonjwa wenyewe hausambazwi na wadudu, na vimelea vyake havidumu nje ya mwili. Unapita kwa pumzi, ng'ombe akiwa karibu na ng'ombe mwenzake, iwe ni kwenye lori, zizini, mnadani au kisimani. Nchi yetu ilikaa bila ugonjwa huu tangu mwaka 1964, hadi ulipoingia tena Ngorongoro mwaka 1990 kutoka Kenya, kisha Kagera mwaka 1992 kutoka Uganda, na mara zote mbili uliletwa na ng'ombe waliovushwa mpaka. Ndiyo maana nasema kwamba chanjo hupunguza idadi ya wanaoweza kuambukizwa ndani ya eneo, na kizuizi cha safari hulinda maeneo ambayo ugonjwa haujafika. Ukiondoa kimojawapo, kingine hakitoshi.

Wengi hunitajia sotoka, ule ugonjwa wa virusi uliokuwa ukiua ng'ombe wengi, kwamba iliondoka kwa chanjo. Ni kweli, na mwaka 2011 dunia nzima ilitangazwa kuwa haina ugonjwa huo. Lakini sindano moja ya sotoka ilimkinga ng'ombe maisha yake yote, na aliyepona hakubaki na virusi vya kuwaambukiza wengine. Homa ya mapafu haina sifa hizo. Ugonjwa wa miguu na midomo ni mgumu zaidi: hapa nchini tuna aina nne za virusi vyake, yaani O, A, SAT 1 na SAT 2, chanjo ya aina moja haikingi nyingine, na kinga yenyewe hudumu miezi michache tu.

Kuhusu kadi, tatizo ni kwamba inataja idadi ya ng'ombe na jina la mwenye mifugo, lakini haimtambulishi mnyama mmoja mmoja. Sheria ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ipo tangu mwaka 2010, na kampeni ya chanjo iliyozinduliwa Bariadi mwezi Juni 2025 inakwenda pamoja na uvishaji wa hereni za utambulisho masikioni mwa mifugo. Naiunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu bila hereni afisa wa kituo cha ukaguzi hana namna ya kujua kama dume aliye mbele yake ndiye aliyechanjwa.

Mfanyabiashara wa mifugo, Dar es Salaam

Nimemwelewa Daktari kuhusu ugonjwa. Ninachopinga ni jinsi karantini inavyoendeshwa. Tangazo hubandikwa ofisi ya kata, halitaji litapitiwa lini, na miezi inapita bila mtu kurudi kueleza kama kuna wagonjwa wapya. Mfugaji aliyebanwa na ada huuza kwa bei ya kutupa kwa mtu ambaye atawaswaga ng'ombe usiku kupitia porini, mbali na kila kituo cha ukaguzi, kisha watachanganywa na wengine mnadani wakiwa na kibali kilichokatwa wilaya nyingine. Ng'ombe hao ndio wa hatari kuliko wote, na wanazalishwa na karantini yenyewe inapokosa utaratibu. Madume tunayonunua kwa ajili ya Dar es Salaam yanakwenda kuchinjwa. Kwa nini yasiruhusiwe kutoka bomani hadi machinjioni bila kupitia mnadani?

Mjumbe wa kamati ya malisho, Simanjiro

Naongeza jambo la maji. Mipaka ya wilaya ipo kwenye ramani, lakini wakati wa kiangazi maboma ya wilaya mbili hunywesha kwenye lambo moja. Karantini ikifuata mpaka wa utawala, walio upande wa pili wa korongo wanatembea huru ingawa mifugo yao imekunywa na yetu, na walio mbali ndani ya wilaya, ambao hawajakutana na mgonjwa, wanafungiwa. Kamati zetu zinajua nani hunywesha wapi na lini. Tungeulizwa kwanza, eneo la kuzuia lingekuwa dogo na watu wangelilinda wenyewe. Pia chanjo ije kabla ya watu kuhama. Wachanjaji wakija Septemba watakuta nusu ya mifugo haipo.

Daktari wa mifugo, Dodoma

Mjumbe, hoja ya lambo ni sahihi kitaalamu, na naomba iandikwe rasmi kwa wilaya.

Kuhusu machinjio, kwa homa ya mapafu utaratibu huo unawezekana, kwa kuwa ugonjwa huu haumwambukizi binadamu, na nyama huliwa baada ya ukaguzi, mapafu yakiharibiwa. Usifananishe na kimeta, ambapo mzoga haufunguliwi kabisa, wala na homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu Kenya, Somalia na Tanzania mwaka 2006 na 2007. Mwenye uamuzi ni daktari wa mifugo wa wilaya. Ndugu mfugaji, muandikie barua wewe na majirani zako, mkiomba madume yapimwe bomani, yapakiwe kwenye lori lililofungwa lisilosimama mnadani, na yachinjwe mara yafikapo. Ombeni pia kwamba mkaguzi wa nyama arudishe wilayani taarifa ya hali ya mapafu, akitaja boma walikotoka ng'ombe. Mapafu hayo yataonyesha kama ugonjwa bado umo kwenye makundi yenu, na taarifa zake ndizo zitakazoipa wilaya msingi wa kufupisha karantini au kuiendeleza.